Frappe HR kwa mwajiri wa Uganda: chombo kizuri, ila sheria zetu utaziingiza kwa mkono

Chukua mpishi wa hoteli anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, ambaye Desemba amefanya saa 20 za ziada. Wiki ya kazi kisheria ni saa 48, sawa na saa 208 kwa mwezi, kwa hiyo saa yake moja ina thamani ya shilingi 1,923. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 2,885. Saa 20 zinampa 57,692. Mshahara ukiingia anakuta umeongezeka kwa 38,499 tu, kwa sababu PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, imepanda kutoka 23,000 hadi 39,308, na mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kutoka 20,000 hadi 22,885. Mhasibu hakukosea hata shilingi moja. Lakini mpishi asipoonyeshwa hiyo hesabu mstari kwa mstari, atabaki akijua kitu kimoja: ameibiwa. Baada ya miezi miwili mitatu utasikia amepata kazi hoteli ya jirani, kwa mshahara uleule.

Programu yoyote ya kusimamia wafanyakazi tunaipima kwanza kwa mpishi huyo. Mambo ya malengo, mafunzo na chati za rangi tutayafikia baadaye. Frappe HR inafaulu mtihani huu vizuri, kwa sharti moja kubwa ambalo wauzaji wengi hawalisemi mapema: haiji na sheria za Uganda ndani yake. Utaziingiza wewe au yule unayemlipa akufungie.

Frappe HR ni programu ya chanzo huria iliyotengenezwa na kampuni ya Frappe ya Mumbai, India. Zamani ilikuwa sehemu ya ERPNext, programu ya kampuni hiyo ya kuendesha biashara nzima, na tangu toleo la 14 imetengwa ikawa programu yake, ingawa bado inahitaji ERPNext chini yake ili ifanye kazi. Leseni ni GPLv3, kwa hiyo hulipi kwa idadi ya vichwa. Kwa kampuni yenye walinzi 120, au shule yenye walimu, wapishi na madereva 70, hiyo ni tofauti kubwa, kwa kuwa programu nyingi za kulipia hutoza kwa kila mfanyakazi kila mwezi, tena kwa dola. Gharama yako inabaki kwenye seva na kwenye ujuzi. Seva ya Ubuntu yenye GB 4 za RAM inatosha kwa watu mia moja. Ujuzi ndio ghali: anayefunga lazima afahamu bench, MariaDB na Redis, zana ambazo programu husimama juu yake kwenye seva, na lazima aelewe PAYE. Wanaojua la kwanza bila la pili ndio wanaoharibu kazi.

Mishahara: hapa ndipo penye thamani, na hapa ndipo penye mtego

Kila malipo na kila makato huundwa kama "Salary Component" yenye fomula yake. NSSF ya mfanyakazi ni gross_pay * 0.05, ambapo gross_pay ni jumla ya malipo kabla ya makato. Ile asilimia 10 ya mwajiri iandike nayo kama makato, kisha weka alama ya kutoihesabu kwenye jumla, ili mfanyakazi aione kwenye hati yake bila kupunguziwa. Usiifiche. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba mwajiri anawawekea mara mbili ya wanachokatwa, na hiyo ni pesa ambayo tayari unaitoa bila kushukuriwa.

PAYE ndiyo yenye mtego. Programu ina sehemu ya kuweka viwango vya kodi ya mapato, na fundi asiyeijua Uganda ataikimbilia. Sehemu hiyo hukadiria mapato ya mwaka mzima, kisha hugawa kodi kwa miezi iliyobaki. PAYE yetu huhesabiwa mwezi kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara usiobadilika majibu hulingana, hivyo kosa halionekani kwenye majaribio. Linajitokeza kwa mpishi wa Desemba, dereva mwenye safari nyingi, au aliyeanza kazi katikati ya mwaka, na tarakimu zako zinaanza kupishana na ritani ya URA, mamlaka ya mapato. Iache kabisa. Tengeneza PAYE kama makato ya kawaida yenye fomula hii:

0 if gross_pay <= 235000 else (gross_pay - 235000) * 0.1 if gross_pay <= 335000 else 10000 + (gross_pay - 335000) * 0.2 if gross_pay <= 410000 else 25000 + (gross_pay - 410000) * 0.3 if gross_pay <= 10000000 else 2902000 + (gross_pay - 10000000) * 0.4

Hivyo ni viwango vya mkazi, ambavyo kizingiti chake cha 235,000 kiliwekwa mwaka 2012. Bunge likivibadilisha, unahariri mstari mmoja. NSSF ya mfanyakazi haitolewi kabla ya kukokotoa PAYE; ukiiondoa kwanza utakuwa unakata pungufu kila mwezi na deni litakuja kwako, si kwake. LST, kodi ya huduma za serikali za mitaa, ni kinyume chake: hiyo huruhusiwa kutolewa kwanza. Kwa kuwa hulipwa kwa awamu nne, Julai hadi Oktoba, iwekee sharti la miezi hiyo, iipe kifupisho LST, na uipange juu ya PAYE kwenye orodha ya makato. Programu husoma kutoka juu kwenda chini, na fomula haiwezi kutumia kifupisho ambacho bado haijakifikia. Kisha kwenye fomula ya PAYE badilisha kila gross_pay kuwa (gross_pay - LST).

Jambo jingine linalopotosha gross_pay ni posho ya safari. Dereva wa lori anayetoka Malaba kwenda Kampala akipewa pesa ya kula na kulala njiani, pesa hiyo si mapato yake ya kutozwa kodi. Ukiiweka kwenye hati ya mshahara pamoja na malipo mengine, itakatwa PAYE na NSSF. Ipitishe kwenye dai la gharama, ambalo Frappe HR inalo tayari, lenye kuidhinishwa na bosi wake na kuambatanishwa picha ya risiti. Sehemu hiyo imetengenezwa vizuri kweli.

Kabla ya kuendesha mishahara, hakikisha kila mtu amepewa muundo wa mshahara wenye tarehe isiyotangulia siku aliyoajiriwa. Asipopewa muundo huo, atakosekana kwenye orodha ya mwezi. Kila mfanyakazi aongezewe nafasi tatu ambazo programu haina: TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF na NIN (namba ya kitambulisho cha taifa). Weka ukaguzi kwamba TIN ni tarakimu 10 na NIN ni herufi na tarakimu 14, la sivyo utapata namba za simu zimejazwa humo. Ritani ya PAYE na malipo ya NSSF zote zinatakiwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Ukiwa na nafasi hizo, unatoa ripoti ya Excel kwa dakika chache na kuinakili kwenye fomu zao. Ripoti yenyewe utaichora wewe.

Programu haitumi pesa. Unatoa orodha na kuipeleka benki, au kwenye malipo ya pamoja ya MTN au Airtel. Jina kwenye orodha lilingane na jina la usajili wa laini, na mkubaliane mapema nani anabeba ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa. Kwa anayepokea 618,000 ni shilingi 3,090, pesa ya kutosha kuzua manung'uniko kila mwisho wa mwezi.

Endesha miezi miwili sambamba na Excel yako ya zamani kabla ya kuiacha. Miezi miwili, si mmoja, maana mwezi wa kwanza kila mtu yuko makini.

Mahudhurio

Kuna programu ndogo ya kuunganisha mashine za ZKTeco, zile zilizozoeleka milangoni, na Frappe HR. Inasoma kumbukumbu za mashine na kuzipeleka kama "Employee Checkin", mradi kila mfanyakazi awe na namba ya mashine kwenye faili lake. Ikishafungwa, lalamiko linalokuja mara nyingi ni kwamba watu wamegonga, rekodi zao zinaonekana, ila mahudhurio hayatokei. Sababu karibu kila mara ni tarehe ya "Last Sync of Checkin" kwenye zamu: isipopita saa ya kumalizika kwa zamu, programu inangoja, ikidhani mashine bado haijaleta data. Umeme ukikatika au intaneti ikipotea, tarehe hiyo inaganda.

Hilo lisingekuwa kubwa kama halikuathiri mshahara. Kwenye mipangilio ya mishahara unachagua siku za malipo zihesabiwe kwa likizo au kwa mahudhurio, na ukichagua mahudhurio unaulizwa siku isiyo na rekodi ihesabiwe vipi. Weka ihesabiwe kuwa alikuwepo. Ukiweka hakuwepo, siku mbili za mashine kuzimika zitakata mishahara ya jengo zima, na hakuna barua ya kuomba radhi itakayorudisha imani hiyo. Anayekosa kazi kweli msimamizi wake anamjua; amwandike yeye.

Alama za vidole za wapishi, waosha vyombo, waashi na wachuma chai hufifia kwa kazi. Mashine ikimkataa mtu mara tatu kila asubuhi mbele ya wenzake, anaona aibu, na zamu inachelewa. Wapeni kadi au mashine ya sura. Tena alama za mwili ni data binafsi chini ya sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha: mweleze mfanyakazi unachukua nini na kwa kazi gani, na ujisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi.

Zamu za usiku inaziweza, kama umejaza dakika za kugonga kabla ya zamu kuanza na baada ya kuisha. Kwa kampuni za ulinzi hilo ni la lazima. Bila hizo, askari anayetoka saa kumi na mbili asubuhi anaonekana kama aliyeanza zamu mpya. Kwa walio mbali na ofisi, programu ya simu, ambayo hufunguliwa kwenye kivinjari na kuwekwa kwenye skrini bila kupakuliwa dukani, inaweza kurekodi mahali alipogongea.

Likizo na sikukuu

Sheria inampa mfanyakazi siku saba kwa kila miezi minne, jumla 21 kwa mwaka. Frappe HR haina mzunguko wa miezi minne kwa likizo inayokua polepole. Ina wa mwezi, robo, nusu na mwaka. Tumia wa mwezi, 1.75, na kwenye "Rounding" chagua 0.25. Ukichagua 1.0, kila mwezi anapewa siku mbili, na katikati ya mwaka salio lake linaonyesha siku ambazo hajazipata. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi na ya baba ni siku nne za kazi, kwa hiyo usiweke alama ya kuhesabu sikukuu ndani yake. Ni siku za kazi, na mama anayehesabiwa Jumapili amedhulumiwa.

Orodha ya sikukuu iandike mwenyewe: 26 Januari, 16 Februari, 8 Machi, 3 na 9 Juni, 9 Oktoba na nyinginezo. Idi mbili hutegemea mwezi. Ikitangazwa usiku na hukuiongeza kabla ya zamu kuchakatwa, watu wote watasomeka watoro. Itabidi ufute rekodi hizo moja moja au kwa mkupuo. Aliyefanya kazi siku hiyo analipwa mara mbili, na unaiingiza kama nyongeza ya mwezi, sawa na zile saa 20 za mpishi.

Salio la likizo kuonekana kwenye simu ya mfanyakazi linaondoa safari za kwenda kumwomba karani afungue daftari. Ni jambo dogo kulisema, lakini ofisi nyingi zingebaki na watu wao kwa hilo tu.

Kukuza watu

Hapa programu ina vyumba vingi kuliko samani. Kuna ramani ya stadi za mfanyakazi, programu za mafunzo, matokeo ya mafunzo, maoni ya wenzake, na mzunguko wa tathmini wenye maeneo ya kazi yaliyopewa uzito unaofika jumla ya 100. Unaweza kuamuru alama zitokane zenyewe na asilimia za malengo. Usiamuru. Asilimia hizo hujazwa na mwenye lengo, na mwezi wa tathmini zote hupanda hadi 90. Acha msimamizi aweke alama kwa mkono, kwa maeneo manne au matano yanayopimika. Kwa msimamizi wa usafi wa vyumba: vyumba vilivyokataliwa na ukaguzi 30, vitu vilivyopotea 20, zamu zilizojazwa bila kupiga simu za dharura 20, wapya waliopita kipindi cha majaribio mikononi mwake 30. Hilo la mwisho liweke kwa kila anayesimamia watu.

Ramani ya stadi ina faida ambayo watu huipuuza. Ukiijaza kwa uaminifu, utaona kwamba mtu mmoja tu ndiye anayejua kuwasha jenereta, au kufunga hesabu za baa. Huyo ndiye wa kumpa msaidizi leo na wa kumwongezea mshahara kabla hajaomba.

Kipindi cha majaribio kisheria hakizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa hadi mingine sita mfanyakazi akikubali. Kwenye faili lake kuna nafasi ya tarehe ya kuthibitishwa. Tengeneza arifa itoke siku 30 kabla yake, iende kwa msimamizi. Fanya hivyo hivyo kwa vibarua: anayeajiriwa mfululizo kwa miezi minne si kibarua tena, na anastahili mkataba wa maandishi. Arifa ya siku 100 tangu kuanza itakuokoa, naye itampa sababu ya kubaki. Kumwacha mtu mwaka mzima bila karatasi ni kumwambia aendelee kutafuta.

Nidhamu ndilo pengo kubwa. Kuna fomu ya malalamiko ya mfanyakazi, lakini hakuna ya onyo wala ya kikao cha kujieleza. Sheria yetu inataka asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa kosa au utendaji duni, apewe muda wa kujiandaa na aruhusiwe kuja na mtu anayemchagua. Ukikiuka unadaiwa mshahara wa wiki nne, hata kama kosa alilitenda. Tengeneza fomu yako, haihitaji kuandika msimbo wa programu: kosa, tarehe ya barua, tarehe ya kikao, aliyefuatana naye, maneno yake, uamuzi, tarehe ya kukata rufaa. Fanya nafasi ya maneno yake iwe ya lazima.

Kuondoka kuna orodha ya kazi za kukabidhi, mahojiano, na hesabu ya mwisho. Notisi programu inasoma siku ulizojaza, haijui ngazi za sheria: wiki mbili kwa aliyefanya kazi miezi sita hadi mwaka, mwezi mmoja hadi miaka mitano, miezi miwili hadi kumi, mitatu baada ya hapo. Mahojiano ya kuondoka yafanywe na mtu asiye bosi wake, na yaandikwe kwa lugha aliyosemea. Skrini zitakuja kwa Kiingereza, lakini kuna sehemu ya kuweka tafsiri zako. Maneno 40 ya skrini za mfanyakazi yatafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya askari, madereva na wapishi ambao ndiyo lugha wanayofanyia kazi. Ni kazi ya jioni moja.

Nani aichukue

Mwenye watu chini ya 20 abaki na Excel nzuri na faili la makaratasi lililopangwa. Seva, bakapu na fundi vitamgharimu kuliko faida. Kuanzia 30 hadi 150, hasa penye zamu na saa za ziada, tunaipendekeza bila kusita. Juu ya hapo bado inaweza, ila ajiri mtu wa kuitunza kila siku. Bakapu itoke kila usiku pamoja na mafaili yaliyoambatanishwa, iende nje ya seva hiyo, na mara moja kwa mwezi irejeshwe kwenye seva ya majaribio kuona kama inafunguka.

Kabla ya kumlipa fundi hata malipo ya awali, mkalishe mezani na kompyuta yake. Mpe mpishi wetu: mshahara 400,000, saa 20 za ziada, mwezi wa Desemba. Aiunde hati ya mshahara unapoangalia, na mchango wa mwajiri wa 45,769 uonekane. Mstari wa mwisho ukisoma 395,499, endeleeni na mazungumzo ya bei.